Mita Moja Iliyoiua Timu

Wanaoikumbuka timu ya Nyuki watakwambia ilikufa kwa sababu ya kocha. Wengine watamtaja refa, na wale wa kujifanya wanajua kila kitu watakuletea habari za uchawi. Waache. Nyuki niliwaua mimi, kwa mikono yangu hii miwili, na chupa ya chai nikiwa nimeibana kwapani.

Kabla hujaninyooshea kidole, nikueleze kwanza habari za mume wangu.

Mume wangu alikuwa mtunza uwanja. Wachezaji walimwita Chokaa, maana mikono yake ilikuwa myeupe hadi kwenye viwiko na hata akioga vipi haikutakata. Nyasi za uwanja ule alizipanda kwa vidole, shina moja moja, amepiga magoti, kabla hata Mwenyekiti hajanunua nafasi ya ligi kuu na kuleta wachezaji wa kulipwa na basi lenye picha ya nyuki ubavuni. Kupima alipimia kamba. Kamba moja ndefu ya katani yenye mafundo: fundo la kwanza ni kisanduku kidogo cha kipa, la pili ni kile kikubwa, mita kumi na sita na nusu kutoka mstari wa goli. Asubuhi ya mechi mimi nilishika kigingi upande mmoja, yeye anatembea na kamba mpaka kwenye fundo, halafu anamwaga chokaa. Hakuwahi kukosea hata upana wa kidole.

Sasa, Nyuki walikuwa na mabeki wazito, mabeki ambao hata mezani walifika wa mwisho. Msimu wa kwanza Mwenyekiti akamwambia mume wangu avute mistari ya pembeni ndani, hatua tatu kila upande, uwanja uwe mwembamba. Mume wangu akakataa. Akaulizwa kazi anaitaka au haitaki. Akavuta. Mechi ya pili tu wageni wakashtuka, maofisa wa ligi wakaja na futi yao, wakapima, mambo yakawa hadharani.

Unajua Mwenyekiti alifanya nini ili kujikosha? Alimwita mume wangu katikati ya uwanja, jukwaa limefurika, akamzaba kofi. Kisha akachukua kipaza sauti akatangaza kwamba mtu huyu amehongwa na wapinzani atuharibie uwanja. Watu wakamzomea, wakamrushia maganda ya machungwa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na bendera ya kona, nayaona yote. Ligi ikaipa timu onyo la mwisho: uwanja ukikutwa na kosa tena, pointi za mechi hiyo zinakwenda kwa wageni.

Jumatatu Mwenyekiti akampigia simu aje kazini kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuzitunza zile nyasi. Na mume wangu, bila hata haya, akavaa viatu. Nilimfuata mpaka mlangoni, nyongo imenipanda.

"Unakwenda kumfanyia kazi yule?"

"Nazifanyia kazi nyasi," akasema. "Mimi najua sikuhongwa. Inatosha."

Kwake ilitosha. Kwangu haikutosha hata kidogo. Nikiosha vyombo nalisikia lile kofi. Nikishona nalisikia. Nilikaa nalo mwaka mzima, na kila nikikutana na Mwenyekiti namchekea, shikamoo Mwenyekiti, nyumbani hawajambo, huku moyoni namhesabia siku.

Siku yake ikafika. Mechi ya mwisho ya msimu wa pili: Nyuki wakishinda wanabaki ligi kuu, wakipoteza wanashuka. Wiki nzima mvua ilikuwa imeosha mistari yote, kwa hiyo uwanja ulitakiwa kuchorwa upya. Mume wangu alipoingia kuoga nikaichukua kamba, nikafungua fundo la pili, nikalifunga upya, pungufu mita moja kamili. Mimi ni fundi cherehani, mita naijua.

Uwanjani nikashika kigingi kama kawaida. Alipomaliza kisanduku kikubwa cha goli la kwanza alirudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa.

"Mbona kama kimekaa kidogo?"

"Macho yako yamechoka," nikamwambia. "Kamba ni ile ile."

Akaniamini, akaenda kuchora cha pili.

Tangu lile onyo kila timu ngeni ilikuja na futi yake. Hawa nao wakapima, wakaandika malalamiko kabla ya filimbi, refa akaamua mpira uchezwe kwanza, mengine baadaye. Nyuki wakashinda bao moja kwa bila. Mashabiki wakamwagika uwanjani, Mwenyekiti akabebwa juu juu. Siku tatu baadaye pointi zikaenda kwa wageni na timu ikashuka. Mwezi haukuisha Mwenyekiti akaifunga, wachezaji wakatawanyika, uwanja ukauzwa ukawa maegesho ya malori. Misimu miwili, basi, kwisha habari yao. Siku matrekta yalipoingia kukwangua zile nyasi nilikwenda kuangalia, na roho yangu ilitulia kwelikweli.

Nilichokuwa sijakipigia hesabu ni mume wangu. Jioni ya mechi nilikuwa nimelirudisha fundo mahali pake, nisije nikakamatwa. Yeye akakaa sebuleni siku mbili na kamba mapajani, anapima, anapima tena, na kila akipima kamba iko sahihi. Kama kamba iko sahihi, basi mwenye kosa ni yeye. Akapata kazi ya kubeba mbao kwenye ghala, na kwa miaka tisa, mteja akitaka ubao wa futi sita, anamwita mwenzake apime. Nyumbani hata msumari wa kutundikia kalenda ananiuliza mimi ukae wapi.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja kumwomba awachoree wanafunzi uwanja.

"Mwalimu, tafuta mwingine," mume wangu akasema, macho chini. "Mikono yangu hii inadanganya."

Mwalimu alipoondoka nikafunga mlango, nikamwambia yote, kuanzia nilivyolifungua fundo mpaka nilivyolirudisha. Kisha nikangoja anitukane. Nilitaka anitukane.

"Miaka yote hii nilikuwa na kitu kimoja tu," akasema. "Kwamba yule mtu alinisingizia. Kumbe uwanja uliharibiwa kweli, na aliyeuharibu natoka naye nyumbani."

"Alikupiga mbele ya watu."

"Niliyepigwa ni mimi, mama watoto. Si wewe."

Akaingia ndani, akavaa shati lake la pasi, akasema anakwenda kumwomba Mwenyekiti radhi. Nilimzibia mlango, nikamwita mjinga, nikamwambia akili zimemruka. Akanisogeza taratibu kwa mkono wa kushoto, akapita. Nilikaa kwenye cherehani bila kushona hata mshono mmoja. Aibu nilikuwa nayo, sikatai. Lakini chini ya ile aibu kulikuwa na utamu: hatimaye yule bwana atajua nani alimmaliza. Nilitamani niwepo niuone uso wake.

Mume wangu alirudi mchana, akavua viatu, akaketi.

"Nimepita shuleni," akasema. "Jumamosi nakwenda kuchora ule uwanja."

"Nitakuja nikusaidie."

"Mwalimu atanisaidia."

Nikameza hilo. Lakini la Mwenyekiti sikuweza kuliacha.

"Umemwambia ni mimi?"

"Nimemwambia."

"Kasema nini?"

"Kwanza hakunikumbuka. Nikamtajia kofi, akasema huenda, watu aliowapiga ni wengi. Nilipofika kwenye kamba akacheka mpaka akafuta machozi. Anasema mnunuzi wa uwanja alishampata tangu mwanzo wa msimu ule, ila aliogopa mashabiki wangemchomea nyumba. Alikuwa anatafuta sababu ya kuuza."

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Amesema nikufikishie shukrani zake."