Upande wa Injini

Baba yangu alisaga mahindi ya watu wa Rodi Kopany kwa miaka kumi na mitatu, na miaka hiyo yote alisimama mahali pale pale: injini ya dizeli kuliani kwake, foleni ya akina mama kushotoni. Sikio la kulia likaanza kufa, la kushoto likafuata polepole. Nyumbani tulijua, lakini hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo nje ya ua wetu. Asiyesikia injini haachiwi injini, na kinu kile ndicho kilichotulisha.

Mashine yenyewe aliijua kwa kiganja. Aliweka mkono juu yake na kukwambia kwamba mkanda umelegea kabla hujaona lolote. Watu ndio waliomshinda. Kwa hiyo akajizoeza kuitikia kwa kichwa. Ukimwambia jambo anaitikia, wenzake wakicheka naye anacheka, amechelewa kidogo tu. Wakati ule nilimwonea haya. Sasa najionea haya mimi.

Kichwa hicho kilitugharimu. Sokoni Ndhiwa mnunuzi mmoja alitaja bei ya kuchekesha kwa fahali wetu, Baba akaitikia, wakapeana mikono mbele ya watu. Alipotiwa pesa mkononi ndipo alipoelewa, lakini kuzirudisha kungemlazimu aeleze sababu. Akarudi nyumbani na kamba tupu. Mwaka uliofuata baiskeli yenye mzigo wa samaki wakavu ilimgonga kutoka nyuma, mwenye baiskeli akiapa kwamba alipiga kengele mpaka kidole kikachoka. Bega likavunjika na halikunyooka tena. Usingizi nao ulimpaa, maana kichwani mwake, alisema, injini haikuzimwa kamwe. Mama alimsihi waende hospitali ya misheni. Alikataa, akihofia kuonekana kwenye benchi la wagonjwa wa masikio na mtu anayemjua.

Basi Mama akawa masikio yake. Wageni wakija alikaa mahali ambapo Baba angemwona, akayarudia maneno yao kwa midomo tu, bila sauti. Sisi watoto tulimwiga, kwanza kwa kumtania, kisha kwa dhati. Kwa namna hiyo tulimvusha mwaka baada ya mwaka, tukijiona werevu sana. Hatukuwa werevu. Tulikuwa tunamsaidia kujificha.

Kisha wakaja watu wa Uriri kuzungumza mahari yangu. Nilikuwa likizoni kutoka chuo cha ualimu, nimebakiza mwaka mmoja. Kijana mwenyewe nilimpenda, sifichi, na tulikuwa tumekubaliana kwamba nitamaliza kwanza. Mwaka ule niliutaka kuliko nilivyotaka harusi. Nilikuwa msichana wa kwanza wa ukoo wetu kufika chuo chochote, na nilishachagua hata rangi ya gauni nitakalovaa siku ya kwanza darasani.

Ila desturi ni desturi: siku kama hiyo wanaume hukaa sebuleni na wanawake jikoni. Mama hakuweza kukaa mbele ya Baba. Aliniangalia pale penye moto, akanipa birika na beseni, akaniambia nikawanawishe wageni mikono na nisiharakishe.

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mshenga wakati baba mkubwa wa kijana alipoanza kusema. Alisema kwa sauti ya chini, kama watu wasemavyo jambo wanaloona haya kulisema. Mama wa kijana alikuwa mgonjwa, boma lao lilihitaji mikono ya kazi, kwa hiyo waliomba nihamie kwao mwezi ujao, na habari ya chuo iishe. Akamtazama Baba. Baba akatabasamu, akaitikia kwa kichwa.

Baba zangu wadogo wawili wakatazamana. Ndiyo ya mwenye mtoto ikishatoka hairukwi na mdogo wake. Mshenga akasema, basi, hilo limekwisha. Nilimchukia Baba, ndiyo, nilimchukia kwa muda wa kutoka kiti kimoja hadi kingine, kwani ni yeye tu aliyekuwa amebaki kunawishwa.

Nikapiga magoti mbele yake, nikamimina maji kidogo, kisha nikayazuia. Alingoja, mikono imekingwa juu ya beseni, halafu akainua macho kuona kulikoni. Nikiwa nimewapa wageni mgongo, nikamwambia kwa midomo tu: wanataka niache chuo, nawe umekubali.

Uso wake sitausahau. Alishtuka, kisha akazeeka pale pale mbele yangu. Ningemwelewa kama angenawa na kunyamaza. Badala yake alikung'uta mikono yake iliyolowa nusu, akawageukia.

"Nisameheni wageni wangu," alisema. "Mimi masikio yangu yamekufa. Sikusikia mliloniomba, niliitikia tu, ndivyo ninavyofanya siku hizi. Huyu mtoto atamaliza masomo yake. Sasa semeni tena, na mnitazame mkisema."

Walisema tena, wakamtazama, na wakakubali kungoja. Jikoni Mama aliposikia alikaa chini na kulia, nami nikadhani ni furaha.

Habari ilitangulia kufika kinuni. Haukuisha mwezi, mwenye mashine akaja kwetu na kofia mkononi, mtu mwema kusema kweli. "Mzee, hii mashine itakula mtu," alimwambia. "Mimi naogopa." Baba akaitikia. Safari hii alikuwa amesikia.

Ndipo alipokubali kwenda hospitali. Daktari alimpima, akauliza kwa nini hakuja miaka kumi nyuma, wakati angeweza bado kufundishwa kuziba masikio kazini. Kilichokufa hakikuweza kufufuliwa. Mimi nilirudi chuoni na kumaliza. Mdogo wangu, aliyekuwa na akili kunishinda, alikosa ada akaenda kuchunga ng'ombe wa watu.

Kwa miaka mingi sikuthubutu kuuliza. Mwishowe, nikiwa tayari mwalimu, siku moja tulikuwa tunamenya karanga uani, Baba na mimi, mikono ina kazi. Nikamwuliza kama siku ile, aliposema mbele ya watu wa Uriri, alijua kwamba kinu kinamponyoka.

Akaitikia kwa kichwa, akatabasamu, akaendelea kumenya. Nilikuwa nimeketi kuliani kwake, upande wa injini, na mpaka leo sijui kama alinisikia.