Majani Niliyoyang'oa

Mama aliporudi nyumbani baada ya kiharusi, alirudi na neno moja tu: "Ile." Maji yalikuwa ile, mto wa kulalia ile, na mimi mwanawe pia ile. Kila chakula nilichompelekea alionja kijiko kimoja, akageuza uso, akasema, "Ile," huku akichuma hewani kwa vidole viwili. Nikafahamu kwamba anataka mboga ya majani. Mboga gani, hapo ndipo nilipokwama.

Daktari alisema wazi kwamba asipokula hatutakuwa naye muda mrefu. Basi mimi, mstaafu wa wizara niliyezoea kumwagilia vyungu viwili vya mrehani, nikakodi kipande cha shamba la mitende hapa Sib, kando ya Maskati, dakika kumi kutoka nyumbani. Joto lilipopungua mwezi wa kumi nikapanda kale, ile ambayo watu wa bara huiita sukuma wiki, pamoja na spinachi na mchicha. Kila asubuhi nilikuwa huko na mpira wa maji kabla jua halijakaza.

Magugu sikuyaonea huruma. Niliyapigia magoti nikayang'oa na mizizi yake, hasa moja lenye vimaua vyeupe na vitunda vyeusi, lililopenda kuota pale pale nilipotia mbolea ya mbuzi. Nililichukia kama jirani mwenye kelele.

Kale ikastawi, nami nikajiona mkulima. Nikaikatakata nyembamba, nikaipika kwa tui zito. Mama akaonja kijiko kimoja, akageuza uso. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuja kumtazama, akaonja naye.

"Wallahi, dada, unamlisha mama majani ya ngamia."

Nikacheka, kisha nikaingia jikoni nikalia. Zaidi zilikuwa hasira.

Mwezi wa kwanza nikaamua nimpeleke shambani akachague mwenyewe. Siku moja kabla, nilipalilia mpaka pakawa safi, maana mama yangu hapendi uchafu. Nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu kati ya matuta. Kale hata hakuitazama. Aliinama nusura aanguke, akanyoosha mkono wake uliobaki mzima kwenye lundo la magugu chini ya mtende, akavuta shina lililonyauka, lile la vitunda vyeusi.

"Ile," akasema, na akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue.

Ulikuwa mnavu. Nimekula mnavu tangu utotoni na uchungu wake naujua vizuri, lakini mimi nimezaliwa Maskati, si ng'ambo alikokulia mama, na mnavu kwangu ulifika sahanini umeshapikwa. Mama ndiye aliyekwenda kuuchuma pembezoni mwa mashamba. Mimi sikuwahi kufuatana naye, kwa sababu niliona haya watu wamwone mama yangu akiokota majani ya njiani.

Nililifukua lundo lote. Majani mengi yalikuwa yameshakauka, nikapata konzi moja tu. Nikauchemsha, nikamwaga maji ya kwanza kama alivyokuwa akifanya yeye, nikatia tui. Alimaliza, akakwangua kisahani, kisha akanitazama akingoja niongeze. Sikuwa na cha kuongeza.

Nikaacha kupalilia. Niliing'oa kale yote, nikawa namwagilia udongo mtupu kila asubuhi, nikingoja mnavu uote tena. Nilizunguka mashamba ya jirani kuulizia, nikakuta wote wamepalilia vizuri kama mimi. Wiki mbili hazikutimia, mama akapata kiharusi cha pili, akashindwa kumeza. Hospitali wakampitisha puani mpira wa kumlishia, na mimi nikaonywa nisimtie kitu chochote mdomoni, kitamwingia mapafuni.

Mnavu ulichipua mwezi wa tatu, mwingi, kila palipokuwa na kale. Nikachuma majani machanga, nikayapeleka hospitali ndani ya mkoba. Nilisugua jani moja kwa vidole, nikamsogezea kwenye tundu la pua lisilo na mpira.

Mama akafumbua macho. Akanitazama, akafungua kinywa, akangoja.

Nikalikunja lile jani ndani ya kiganja.

"Kesho, mama," nikamwambia.

Aliendelea kuacha kinywa wazi muda mrefu.