Shemeji Aliyepiga Marufuku "Tayari"

Ukitaka kumjua shemeji yangu, usijisumbue kumuuliza habari zake. Mwambie tu kitu fulani kiko tayari. Atakunyooshea kiganja puani na kusema, "Nipe nishike." Kama huna cha kumpa, pole yako, mimi simo.

Mimi ni fundi pasi. Wapo watu wanaopiga pasi, halafu nipo mimi. Shule niliacha darasa la sita, wala si kwa ujinga, ni walimu walikuwa wameishiwa. Kwa hiyo hii habari iamini, maana niliiona yote nikiwa nimesimama kwenye pasi ya mvuke, mwisho wa chumba, mahali ambapo kila kosa la wenzangu huja kuniangukia mimi.

Shemeji ni mke wa kaka yangu. Miaka kumi alikaa kwenye cherehani namba saba hapa kiwandani kwetu. Kiwanda jina tu. Ni chumba kirefu, cherehani kumi na nne, meza moja ya kukatia, dirisha moja halifungiki na la pili halifunguki. Tunashona sare. Msimamizi wa zamani alipoacha kazi, bosi akamwita shemeji ofisini. Bosi tunamwita Mzee Haraka. Haraka anayo, baraka bado tunaisubiri.

"Miezi mitatu," akamwambia. "Ukiweza kupanga kazi ya watu hawa, kiti cha msimamizi ni chako. Ukishindwa, unarudi namba saba na kiti anakikalia mpwa wangu."

Mpwa mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, viatu vinang'aa kuliko akili. Wiki iliyofuata akaja na mto wake wa kukalia, mwekundu, akauweka juu ya kabati la ofisi. "Sina haraka," alisema, "nautunza tu hapa." Kila shemeji akiinua macho, anauona mto.

Wakampeleka shemeji mafunzo ya wiki moja. Akarudi na daftari, kalamu za rangi nne, na maneno. Lengo. Hatua. Mtiririko wa kazi. Hilo la mtiririko alilitamka mara kumi na moja siku ya kwanza. Nilihesabu. Nikamwambia, "Shemeji, mtiririko tunao tangu zamani, bomba la choo linavuja." Chumba kizima kilicheka isipokuwa yeye.

Akatundika ubao mkubwa ukutani. Safu tano: kukata, kushona, vifungo, pasi, kufunga. Kila mtu akimaliza sehemu yake, achukue chaki aweke tiki. Rahisi, eti. Oda ya kwanza, aproni za watu wa mkate, ikachelewa siku mbili. Oda ya pili, mashati ya walinzi, ikachelewa wiki nzima, na mwenye mashati akaja kutupigia kelele mpaka mate yakafika kwenye pasi yangu, yakafanya "chsss". Na ubaoni tiki zimejaa kama shamba la mahindi! Shemeji anautazama ubao, anatutazama sisi, anautazama ubao tena. Hakuelewa. Sisi pia hatukuelewa, lakini sisi hatukuwa na kiti cha kupoteza.

Ikaja oda ya tatu, mwezi wa tatu, ya mwisho kabla ya hukumu. Magauni mia tatu ya wauguzi, yafike hospitali Ijumaa saa nne asubuhi, maana wauguzi wapya wanaanza kazi Jumamosi. Mzee Haraka akasema mbele yetu sote, "Hii ikichelewa hata kidogo, mama, mto ule unashuka kabatini."

Jumanne asubuhi ubao ulikuwa tiki tupu. Kukata, tiki. Kushona, tiki. Vifungo, tiki. Pasi, tiki kubwa kuliko zote, niliichora mwenyewe. Shemeji akafurahi kama bibi harusi. Akamwita bosi.

"Tazama, bosi. Leo Jumanne tu. Kila kitu tayari, bado kufunga."

"Safi sana," akasema Mzee Haraka. "Nifungulie stoo niyaone."

Akafungua. Kwenye rafu kulikuwa na magauni kumi na mawili. Kumi na mawili, jamani! Katika mia tatu!

Mzee Haraka akageuka polepole, jambo ambalo hatujawahi kuliona. "Naona ubao ndio umeshona," akasema. "Nyinyi hamjashona." Akaenda zake ofisini, na tukamsikia akipiga simu: "Mpwa wangu, Ijumaa uvae vizuri."

Shemeji hakulia. Ningekuwa mimi ningelia, halafu ningewaambia ni mvuke. Alichukua daftari lake akaanza na meza ya kukatia. Mkataji wetu tunamwita Profesa, kwa sababu miwani yake ina kamba.

"Mzee, uliweka tiki. Vitambaa vya magauni mia tatu viko wapi?"

"Viko tayari, binti yangu. Nimeshavichora vyote kwa chaki."

"Umekata vingapi?"

"Mia moja na hamsini. Lakini kuchora ndiyo kazi ya kichwa. Kukata ni kazi ya mkasi."

Akaenda kwa mafundi cherehani. "Tumeshona yote aliyotupa, dada. Tayari kabisa. Bado mifuko tu." Bado mifuko! Muuguzi asiye na mfuko aweke wapi kalamu, mdomoni? Akaenda kwa Mama Vifungo, mama mnene mwenye kopo la biskuti mapajani.

"Vifungo tayari, mwanangu," akasema Mama Vifungo, akalitikisa kopo. "Elfu moja mia saba ishirini na nane, nimevihesabu mara mbili. Sikiliza vinavyolia."

"Lakini viko kwenye kopo, mama."

"Sasa ulitaka viwe wapi na magauni mengine hayajaja?"

Mwisho akanifikia mimi. Macho mekundu kama kaa la moto.

"Shemeji. Na wewe uliweka tiki."

"Niliweka."

"Magauni yako wapi?"

"Ubao umeandikwa pasi," nikamwambia. "Pasi ilikuwa tayari, imeshika moto tangu saa moja. Uongo uko wapi hapo?"

Mpaka leo nasema jibu lile lilikuwa sahihi kisheria. Lakini alinitazama kwa namna ambayo nilijikuta naipiga pasi leso yangu mwenyewe, mara mbili, bila sababu.

Siku za kazi mimi hula kwa kaka, kwa kuwa nampenda sana kaka. Jioni ile tukafika nyumbani, shemeji kashika tama. Kaka yangu, ambaye Mungu alimpa moyo mzuri akamnyima macho ya kuona hatari, akaita kutoka jikoni, "Mke wangu, chai tayari!"

Shemeji akaenda jikoni. Nikamfuata, si umbea, ni kiu. Sufuria ilikuwa jikoni, ndiyo. Maji ndani, ndiyo. Moto ndio kwanza anauwasha.

"Hii ndiyo chai?"

"Bado kuchemka tu," akasema kaka.

Lo! Nilidhani sufuria itaruka. Miezi mitatu yote ilimtoka mdomoni kwa mara moja. "Tayari! Tayari! Nyumbani tayari, kazini tayari! Mnanitia wazimu na tayari yenu! Kuanzia leo wewe hutaniambia chai iko tayari. Tayari nitasema mimi, nikishakishika kikombe!"

Halafu akaganda. Mdomo wazi, kidole juu, kama mtu aliyesahau alichokuwa akigombania. Akarudia, safari hii kwa sauti ndogo, "Nitasema mimi. Nikishakishika." Akakimbilia daftari lake. Chai nilikuja kuinywa mimi na kaka.

Jumatano asubuhi tulikuta ubao umefutwa mweupe, sijui mweusi, na chaki zote ziko mfukoni mwake.

"Sikilizeni," akasema. "Neno tayari ni marufuku humu ndani. Atakayelisema anafagia. Na hakuna mtu atakayejiwekea tiki mwenyewe. Tiki anaweka anayepokea. Mafundi wa cherehani ndio watakaosema kama Profesa amekata. Mama Vifungo atasema kama magauni yameshonwa. Fundi pasi atasema kama vifungo vipo. Na yeye pasi yake nitaisema mimi."

"Kwa nini mimi unisemee wewe?" nikauliza.

"Kwa sababu nakujua, shemeji."

Akaendelea. Kazi haitasubiri mia tatu ziishe ndipo isogee. Itakwenda kwa mafungu ya thelathini. Profesa anakata thelathini, anatoa. Anakata nyingine, anatoa.

Profesa akavua miwani. "Binti yangu, mimi nimekata nguo kabla hujazaliwa."

"Ndiyo, mzee. Na hizi za wauguzi bado hujazikata."

Akashika mkasi. Akinung'unika, lakini akashika.

Sasa ndipo vita ilipoanza. Maana binadamu kazi yake mwenyewe anaiona nzuri, ila ya mwenzake, anapopewa chaki aihukumu, anakuwa hakimu. Mama Vifungo, mwanamke mpole niliyemjua miaka minane, akarudisha magauni tisa kwa mpigo. "Mfuko! Mfuko uko wapi? Hamna aibu?" Mafundi nao wakamrudishia Profesa kola zilizopinda. Profesa akasema hii ni dharau, akakata upya. Na mimi nilipopata chaki yangu, jamani, nilifurahi. Nilimrudishia Mama Vifungo gauni lenye vifungo vitano. Nikamwambia, "Mama, cha sita kiko kwenye kopo, sikiliza kinavyolia." Alinirushia kijiti cha uzi.

Raha yangu ilidumu nusu saa. Nikampelekea shemeji fungu la kwanza. Akalishika. Akarudisha moja.

"Kola ina mkunjo."

Nikapiga. Akarudisha.

"Mkunjo."

"Shemeji, mkunjo huu nani atauona? Mgonjwa? Mgonjwa ana shida zake!"

"Nimeuona mimi," akasema, na chaki haikutoka mfukoni.

Mara tatu! Mimi! Fundi aliyewahi kunyoosha suti ya bwana harusi ikasimama peke yake! Mara ya tatu niliipiga kola ile kwa hasira, na inawezekana, nasema inawezekana tu, ikanyooka kuliko zamani.

Lakini ubao sasa ulikuwa unasema ukweli. Jumatano jioni tiki za magauni tisini, na stoo ukifungua unakuta tisini, mbali na yale kumi na mawili. Alhamisi yakaongezeka mia moja na hamsini. Tulichoka mpaka tukaacha kugombana. Wawili walifagia kwa kusema lile neno. Mmoja ni mimi. Nilikuwa namjibu mtu aliyeniuliza kama niko tayari kwenda kula, na nikafagia chumba kizima.

Ijumaa yakabaki magauni arobaini na manane. Saa tatu na nusu gari liko mlangoni, na mpwa naye amefika, amevaa vizuri kama alivyoambiwa. Magauni mia mbili na sabini yamefungwa. Thelathini yako mezani kwangu, nayapiga jasho linanitoka. Simu ya ofisi ikalia. Hospitali. Mzee Haraka akaidaka.

"Ndiyo, ndiyo! Magauni yote tayari! Mia tatu, yako njiani!"

Niliinua pasi, nikaiacha hewani. Shemeji akaingia ofisini, akanyoosha mkono. "Bosi, nipe simu."

"Mama, nimeshamwambia..."

"Nipe."

Sijui alipata wapi roho ile, na mpwa yuko pale pale ameshikilia mto. Akasema kwenye simu, "Samahani. Mia mbili na sabini yako kwenye gari na yanaondoka sasa hivi. Thelathini yako kwenye pasi. Hayatafika saa nne. Yatafika saa nne na nusu."

Mzee Haraka akashika kichwa. Umetuua, alisema bila sauti, kwa midomo tu. Nami nikajua imekwisha, kwani kuchelewa hata kidogo alishasema ni nini. Shemeji akasikiliza, akaitikia, akakata simu.

"Mtunza stoo wao anasema leteni hayo mia mbili na sabini," akasema. "Anasema kuyahesabu tu kutamchukua saa nzima. Hayo thelathini yakifika atakuwa hajamaliza."

Na kweli hakuwa amemaliza. Nilikwenda mwenyewe na fungu la mwisho, magauni bado ya moto, nikamkuta yuko kwenye mia na themanini, akanifokea nimemchanganya akaanza upya. Mchana akaweka sahihi kwenye karatasi ya mapokezi: mia tatu, bila neno la kuchelewa. Kola hakuna aliyeitazama. Nilisema mimi!

Niliporudi, kila mtu amesimama karibu na mlango wa ofisi akijifanya anatafuta uzi. Mzee Haraka ameshika ile karatasi ya mapokezi, anaigeuza mbele nyuma, kama anatafuta kosa. Hakuliona.

"Haya," akamwambia mpwa wake. "Nenda na mto wako." Kisha akamgeukia shemeji, uso umekunjamana kama mashati ya walinzi kabla sijayagusa. "Kiti ni chako, mama. Barua yako ya kazi iko tayari."

Ah, mzee wa watu! Angesema lolote lingine.

Shemeji akanyoosha kiganja. "Nipe nishike."

"Nimekwambia iko tayari. Bado sahihi tu."

"Iko wapi nione palipobaki sahihi?"

"Bado sahihi... na kuchapwa."

"Na kuandikwa?"

Mzee Haraka akatutazama sisi. Tukatazama dari. Shemeji hakushusha mkono. Bosi akasema ana mgeni, mkono uko pale. Akasema Jumatatu, mkono uko pale. Mwishowe akavuta karatasi, akaiandika barua kwa mkono wake, mistari minne, akasaini.

Shemeji akaisoma yote. Akairudisha.

"Tarehe," akasema.