Alinisemesha Mpaka Insulini Ikaisha

Siku niliyotimiza miaka ishirini na mitano, mtu wa kwanza kunisemesha alikuwa ameshanichoma sindano mbili.

Msicheke. Hata mama yangu sijamsimulia hili.

Naitwa Solvej. Nilitoka kisiwa cha Mors nikaja mji wa Odense kusoma fiziolojia, na mwaka wa pili ulinikuta bado nakula peke yangu. Wanafunzi wenzangu nilikuwa nawatambua kwa visogo.

Kwetu ukifika umri huo hujaolewa, rafiki zako wanakufunga kwenye nguzo ya taa na kukumwagia mdalasini, kichwa mpaka vidole. Mchana kutwa nilikuwa nauponda ule upuuzi. Moyoni nilikuwa nautaka.

Ila wa kunimwagia nani?

Nikaona tangazo la maabara yetu wenyewe, wanatafuta watu wa kupimwa misuli. Nafasi ilikuwepo tarehe ileile. Nikajiandikisha, angalau siku ipite nikiwa na watu. Tena somo la insulini lilikuwa limenigomea, na mtihani wetu ni wa mdomo, mbele ya mtahini wa kutoka nje. Hapo hakuna pa kujificha.

Aliyenipokea anaitwa Torkil, mtu wa visiwa vya Faroe, mrefu, kimya kama mlango. Akanionyesha kitanda kwa kidole. Akachoma mkono huu, akachoma na huu.

"Pole," akasema. Ndiyo salamu hiyo.

Nikapiga teke mashine kwa mguu wa kulia saa nzima, wa kushoto umetulia. Kisha nikalazwa. Insulini ikawa inaingia mkono mmoja, maji ya sukari yanaifuata nyuma ili nisizimie. Mkono wa pili ulikuwa ndani ya kisanduku cha joto, na Torkil kando yangu anapima damu.

"Leo siku gani?" akauliza.

"Jumanne. Tena nimezaliwa leo. Ishirini na mitano."

Akanitazama nywele. "Mbona huna mdalasini?"

"Rafiki zangu wamebanwa na kazi."

"Wote?"

"Wote wawili."

Hapo nilikuwa nimeongeza wawili. Nadhani alijua, maana alitabasamu. "Mimi huwa nasema watatu," akasema.

Aisee, nilicheka mpaka sindano ikauma.

Basi tukafunguka. Akaniuliza habari za kondoo wa baba, kwa nini nimeacha kuimba kwaya, kama upepo wa Mors unang'oa mapaa kama wa kwao. Nikamwambia nisiyowahi kumwambia mtu. Nikamuuliza mbona kitabu kinasema mguu wa kulia sasa unafyonza sukari sana, na wa kushoto umelala.

"Insulini ni mtu anayepiga hodi," akasema. "Mguu uliofanya kazi unasikia upesi. Uliokaa tu, atapiga hodi mpaka achoke."

Somo lililonishinda muhula mzima liliingia hapohapo.

Tulipomaliza alinipa mkate mweusi na juisi. "Ijumaa tunakunywa kahawa ghorofa ya pili," akasema, anaangalia viatu vyake. "Ukipenda."

Nilirudi na baiskeli huku naimba. Mwenzenu nilikuwa nimepata rafiki.

Alhamisi darasani profesa wetu, Gudrun, akatuuliza: mtu akiwa kwenye kipimo kile cha insulini, utajuaje sukari inashuka kabla mashine haijasema?

"Mnamsemesha, wapendwa," Gudrun akasema. "Mnamuuliza hili na lile. Akianza kuchanganya maneno, mwongezeeni sukari upesi. Asiachwe alale."

Darasa likaandika. Mimi nilihisi uso unawaka.

Kumbe nilikuwa napimwa. Kondoo wa baba, kwaya, wale rafiki zake watatu, vyote vilikuwa vipimo. Nikajiona mshamba wa mwisho duniani.

Ijumaa sikwenda. Wiki iliyofuata nikamwona Torkil kantini, ameinua mkono. Nikamkaushia, nikapita kama naangalia ukuta.

Hakunifuata. Huku kwetu mtu akikukwepa macho, unamwacha. Ndiyo heshima tuliyolelewa nayo, na wao wa Faroe ni hivyohivyo.

Mtihani nikapita kwa alama ya juu kabisa. Mtahini aliniuliza habari za misuli iliyofanya kazi, nikamjibu kwa maneno ya Torkil, moja baada ya jingine. Nililia chooni, na si kwa furaha.

Baada ya likizo Gudrun akanichukua niwe msaidizi wa maabara. Mtu wangu wa kwanza kumpima alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Nikamuuliza kila kitu, mpaka jina la mbwa wake.

Gudrun akanivuta pembeni. "Solvej, umemchosha mzee wa watu. Jina lake na siku ya leo, kila baada ya muda, vinatosha. Katikati tunawawekea filamu."

"Lakini Torkil..."

"Torkil?" Gudrun akacheka. "Yule watu walimlalamikia kwa ukimya. Anauliza jina, anauliza siku, basi. Siku moja tu nilisikia kicheko chumbani kwake mchana kutwa. Nilidhani kawasha redio."

Nikaweka chini karatasi za kipimo.

"Yuko wapi sasa?"

"Amerudi kwao tangu Juni. Siku ya kuaga alileta keki, kama desturi. Alikata kipande akakiweka kando, anasema kuna mtu anaweza kuja." Gudrun akafuta miwani. "Mpaka jioni. Mwisho nikakila mimi."

Nikaomba namba yake. Ilinichukua siku kadhaa kupata ujasiri.

Alinikumbuka. Alikuwa mpole, akaniuliza kama mguu hauniumi. Nyuma yake nilisikia vijiko, watu wanacheka, na sauti ya mwanamke ikimwita, chakula kinapoa.

"Nenda ukale," nikamwambia.

"Haya," akasema. Akasubiri kidogo, kisha akakata.

Ndugu zangu, nimejifunza hili kwa gharama. Mtu akikukwepa, usikimbilie kumheshimu. Mfuate mara moja tu zaidi, umwite jina lake.

Mimi ningegeuka.