Mshika Antena wa Krismasi

Mtu hatungi uongo juu ya kifo cha mama yake. Hilo nakuambia mapema, maana najua utaguna. Wapo waliokisikia kisa hiki hapa kibarazani kwangu wakisubiri nguo zao, na walipofika makwao wakasema fundi cherehani amechanganyikiwa. Sawa, nimechanganyikiwa. Lakini niliyoyaona niliyaona, hapa hapa Ifakara, jioni ya Krismasi ya mwaka juzi, na pombe sikuwa nimeonja hata tone.

Ngoja nianzie utotoni, bila hivyo hutaelewa nilikuwa nahangaikia nini.

Baba alinunua televisheni mwaka mmoja mpunga ulipokubali. Kitelevisheni kidogo, cheusi na cheupe, kinatumia betri ya gari, na kiooni tukabandika plastiki ya rangi ili nacho kijione cha rangi. Mtaa mzima hakukuwa na kingine. Kwa hiyo Krismasi ilikuwa kwetu. Watu wakishatoka misani na kula wali wao, jioni wanakuja na mikeka. Televisheni inatolewa kibarazani, na sisi watoto tunakaa mbele kabisa na nguo mpya tulizokatazwa kuchafua. Kila mwaka walirusha kipindi kilekile: watoto wanaimba, kisha igizo la kuzaliwa kwa Mtoto Yesu, na ndani yake mfalme mmoja mfupi ambaye taji lake la boksi linadondoka akiinama kutoa zawadi. Tulijua litadondoka. Tulilisubiri mwaka mzima. Likidondoka, watu wanacheka mpaka wazee wanafuta machozi.

Picha yenyewe haikuja bure. Antena ilifungwa juu ya bomba refu la chuma nyuma ya nyumba, na bila mtu wa kulishika na kulizungusha, mnaangalia chenga tu. Mtu huyo alikuwa Mjomba Kalisti, mdogo wake mama. Kila sikukuu alikuja kwa baiskeli kutoka ng'ambo ya mto, jogoo amemfunga kwenye keria. Anasimama huko nyuma peke yake, haoni kitu, anapaza sauti, "Imeshika?"

"Bado! Zungusha!"

"Imeshika?"

"Rudisha kidogo! Hapo hapo, mjomba! Usiachie!"

Na kweli haachii mpaka kipindi kiishe. Ndipo anakuja kula, na sisi tunamsimulia kipindi chote, tunagombania nani aseme habari ya taji. Anacheka kila mwaka, utadhani ndiyo mara ya kwanza kuisikia. Mimi aliniita mama, kwa sababu nina jina la mama yao. Nilimpenda sana mtu yule.

Mwaka mmoja alichelewa. Giza likaanza kuingia, chenga tupu, baba ameshanuna, mara tukasikia huko nyuma, "Imeshika?" Jamani, tulivyoshangilia! Picha haikuwahi kutulia vile. Kipindi kilipoisha tukakimbia kumleta ale. Hakuna mtu. Chini ya bomba palikuwa na dimbwi la maji, na mvua haikuwa imenyesha. Kesho yake zikaja habari kutoka Kivukoni: tangu mkesha, mjomba alipokuta pantoni imeshafunga, alipanda mtumbwi na baiskeli yake ili awahi sikukuu, na mtumbwi ukapinduka. Alipopatikana, mikono yake ilikuwa mbele ya kifua, ngumi juu ya ngumi, na waliomwosha walishindwa kuikunjua. Sisi watoto tukaambiwa aliyezungusha antena jioni ile ni baba. Tukaamini. Mama alilishusha lile bomba yeye mwenyewe, akalisukumia chini ya banda la kuku, na televisheni haikutolewa nje tena.

Sasa niambie, Krismasi ya siku hizi nayo ni Krismasi? Kila nyumba ina televisheni yake, kila mtoto kainamia simu. Mwanangu Neema, wakati ule ana miaka minane, aliniuliza kama Krismasi ni kitu gani zaidi ya wali. Iliniuma. Baba yake ni dereva wa lori, alikuwa safarini, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: mimi, Neema, na mama yangu, ambaye magoti yalishamkatalia, hata msalani haendi bila kushikwa mkono. Nikaamua mwanangu ataiona Krismasi yangu. Nikamshonea gauni. Nikatafuta mikeka. Nikamfundisha, "Mtu akiuliza imeshika, wewe sema bado, zungusha!" Akawa anacheza mchezo huo siku nzima. Na sikukuu yenyewe ilipofika nikalivuta lile bomba chini ya banda, nikalisimamisha palepale pa zamani. Urembo tu, waya wenyewe ulishakatika miaka mingi.

Mama aliliona kupitia dirisha.

"Lishushe."

"Mama, si chuma tu hicho?"

"Nimesema lishushe. Sikuliweka chini bure."

"Kwa nini, basi? Niambie."

Akavuta pazia. Na mimi hasira zangu ziko karibu, nikamwambia asituharibie sikukuu.

Nilialika mtaa mzima. Hakuja mtu, kila mmoja yuko kwake. Tukakaa watatu, mikeka mitupu imetuzunguka, mama kwenye kiti chake, televisheni juu ya meza. Yangu ni hii bapa, ya king'amuzi. Hizi zikikosa mawimbi zinaandika maneno tu, unajua mwenyewe. Basi niamini: ilijaa chenga. Chenga zile za zamani, pamoja na mlio wake. Na nyuma ya nyumba mtu akauliza, "Imeshika?"

Neema akaruka juu. "Bado! Zungusha!"

"Usijibu!" mama akasema, lakini mtoto ameshajibu.

Picha ikaja, nyeusi na nyeupe. Watoto wanaimba. Mwenzangu, unadhani nilikimbia? Nililia kwa furaha. Mungu anisamehe, nilisahau kabisa kwamba waliokufa wamekufa. Mama ananivuta kanga, mimi namwambia subiri kwanza, maana wafalme walikuwa wanaingia na yule mfupi yuko nyuma yao. Nilikuwa nasubiri taji lidondoke. Nilipogeuka nimwonyeshe Neema, hakuwepo mkekani.

Nilizunguka nyumba mbio. Mjomba alikuwa amesimama pale, amelishika bomba kwa mikono miwili, ametupa mgongo. Shati lake la sikukuu limemganda mwilini, maji yanachuruzika kwenye suruali. Neema yuko nyuma yake, na adabu zake zote. "Shikamoo babu."

Hakuitikia marahaba.

"Mama," akasema, nami nikajua ananiita mimi. "Imeshika?" Sauti ilikuwa ileile, ya upole. "Mikono imechoka, mama. Nani ananipokea?"

"Mimi!" akasema Neema.

Mtoto gani asingesema hivyo? Si mimi niliyemjaza hadithi za antena? Akanyoosha mkono. Na mimi, haki ya Mungu, miguu ilikataa.

Aliyenipita alikuwa mama. Yule yule wa kushikwa mkono, akanipita anakimbia. Akamsukuma Neema mpaka akaanguka, akalikamata bomba juu ya mikono ya mdogo wake. "Niachie mimi, Kalisti. Nenda ukale."

Akamwachia. Sikuona alikoelekea. Palibaki maji chini, na mama amelikumbatia lile bomba analia, "Mdogo wangu, mdogo wangu."

Nilimbeba mpaka kitandani. Hapo ndipo aliponiambia. Ule mwaka wa mtumbwi, sauti ilipouliza nyuma ya nyumba, baba alikuwa amekaa ubavuni kwake. Mama alijua tangu dakika ile kwamba aliyeko huko nyuma si mtu aliye hai. "Na nyinyi nyote mkaitika," akasema. "Mkamwambia asiachie. Sasa angeachiaje?"

Alifariki kabla ya mwaka mpya. Kina mama waliomwosha waliniita pembeni wakaniuliza marehemu alikuwa ameshika nini. Nikaenda kuangalia. Ngumi juu ya ngumi.

Bomba niliwauzia watu wa vyuma chakavu. Mikeka niligawa. Krismasi iliyopita sikuwasha televisheni kabisa, nilimfungia Neema chumbani na simu, nikashukuru kwamba simu zipo. Jioni ikaja sauti nyuma ya nyumba, pale ambapo hapana bomba wala antena. "Imeshika?" Sauti ya mama yangu. Niliweka mdomo ukutani nikamwambia, "Achia, mama. Kipindi kimeisha. Njoo ule."

Kisha akaniuliza, "Nimwachie nani?"

Kwa hiyo wewe unayetamani sikukuu za utoto wako, zitamani ukiwa umekaa. Wasimulie watoto kwa mdomo, yatosha. Lakini kitu ambacho wazazi wako walikilaza chini, usikisimamishe kabla hujajua kwa nini walikilaza. Na ukisikia mtu anauliza nyuma ya nyumba yako, mzibe mtoto mdomo kwanza, mengine baadaye.

Mama hakuwa na nguvu za mikono, na Krismasi imekaribia tena. Mwaka huu nitakaa huko nyuma mimi mwenyewe kabla giza halijaingia, ili akichoka anikute mimi, asimkute mtoto. Baba yake Neema nimemwambia, hataki kusikia. Lakini nguo za watu nimezimaliza zote, usije ukasema sikukuambia, pitia uchukue yako wiki hii. Sasa hivi nashona za Neema. Magauni ya Krismasi, kila moja refu kidogo kuliko lililotangulia, mpaka atakapokuwa mtu mzima.