Mlango wa Mbele kwa Mzee wa Croydon

Mama alipokuja London kunitembelea, mwaka wa elfu mbili na moja, nilikuwa naishi Croydon kwa mzee mmoja Mwingereza. Nilimwogesha, nikampikia, nikampa dawa. Nyumbani nilikuwa nimesema tu kwamba kazi yangu ni ya unesi na nakaa nyumba nzuri. Nyumba ilikuwa nzuri kweli. Chumba changu kilikuwa kile kidogo nyuma ya jiko.

Zamani za ukoloni huyo mzee alikuwa ofisa wa kugawa nyumba za serikali kule Kenya. Mzungu akishuka na barua ya kazi, kwanza anapita kwake. Mkubwa alipewa nyumba ya veranda na bustani, mdogo akapewa ya kumtosha, na nyuma ya kila nyumba, karibu na choo cha nje, kulikuwa na chumba kimoja cha boi. Alipenda kunisimulia, kama mtu anayesifu ng'ombe wake. "Hakuna ofisa wangu aliyekosa pa kulala!" Nami naitikia, eti ndiyo bwana, huku namfunga vifungo vya shati. Sikuwahi kumwambia kwamba nilizaliwa katika kimojawapo cha vyumba hivyo vya nyuma, huko Nakuru, mama akiwa yaya.

Katika nyumba zile mlango wa mbele ulikuwa wa wenyewe na wageni wao. Yaya alipita jikoni, hata akiwa amembeba mgongoni mtoto wa mwenye nyumba. Ndiyo maana siku nilipopata viza mama hakunipa mawaidha mengi. Alinishika mkono tu akasema, "Huko uendako, mwanangu, usinipitie nyuma."

Basi siku hiyo tulishuka kwenye tramu, mvua ya rasharasha, mama amevaa koti langu. Tulipofika getini nikakata kona kuelekea kijia cha mapipa ya taka, kile cha kwenda mlango wa jikoni. Mama akasimama.

"Unaenda wapi?"

"Tupite huku, mama. Viatu vina matope."

"Matope gani? Si naona mkeka wa kupangusia miguu pale mbele?"

Haki ya Mungu, ufunguo wa mlango wa mbele ulikuwa mfukoni mwangu. Mzee alinipa siku ya kwanza, na hakuna aliyewahi kunikataza kuutumia. Ni miguu yangu tu iliyojichagulia njia. Niliona aibu, aibu ya kutamani ardhi ipasuke inimeze. Nikautoa ule ufunguo, mama akanizuia.

"Acha afungue mwenyewe." Akabonyeza kengele.

Mzee alikuja polepole na kile chuma chake cha kujikongojea, akafungua, akafurahi kama mtoto. "Jambo, mama! Karibu, karibu ndani!" Mama akapita, akaketi kwenye kiti kizuri cha dirishani, mkoba mapajani. Akasema ametoka Nakuru, mzee akamwuliza huko alikaa wapi.

"Nyumba za serikali."

"Aa! Hizo zangu! Nyumba namba ngapi?"

"Nilikaa nyuma," mama akasema. "Huko nyuma hamkuweka namba."

Mzee alitazama mikono yake. Halafu akaniomba nilete chai, nami nikashukuru kupata pa kukimbilia.

Nilirudi na sinia. Nikampa mzee kikombe chake, nikampa mama chake, nikaweka biskuti katikati, kisha nikasimama karibu na mlango, sinia kifuani, nisubiri kama kuna atakayetaka sukari zaidi. Mama aliangalia vile vikombe, akaniangalia mimi.

"Na wewe, chako kiko wapi?"

Nilijikaza kisabuni, lakini sauti ilinitoka ndogo. "Changu kiko jikoni, mama."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Aliinuka taratibu, akabeba kikombe chake kabla hajakionja, akanipita pale mlangoni.

"Haya," akasema, "nionyeshe hilo jiko, tunywe pamoja."