Kuni Zilizopangwa Juu ya Mgomba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka ile mitumba ilipoanza kujaa soko la Mbugani na kila msichana akajiona malkia. Mimi nilikuwa binti wa kufinyanga, kule Lyulilo. Nikaingia msituni kutafuta kuni za kuchomea vyungu, nikakuta vijiti vikavu, vimechongwa, vimepangwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Pembeni sanamu ya udongo, nywele zake mizizi, imekaa kama mlinzi. Nikaitania, "Ndaga, asante babu, umenikatia kuni." Nikafunga mzigo. Vyungu viliiva vizuri, sikudanganyi.

Kesho yake wanafunzi wakapita nyumba kwa nyumba. Mbele yao Tusekile, kisauti chembamba kama cha mbu: "Dada, hujaona marimba yetu? Tuliyaacha msituni, na sanamu yetu ya kuyalinda. Mkuu wa shule amesema tusipopiga Ijumaa, masomo ya muziki kule msituni basi, turudi kulima."

Nikabinua mdomo. "Labda mchwa."

Njia ya mwongo fupi. Kijiti kimoja kilikuwa kimebaki kando ya jivu. Wanafunzi walipoondoka, bibi yangu akakiokota, akakigonga na kile kijiwe chetu cha kulainishia vyungu. Kikalia, ngooo. Bibi alikuwa anaongea kama anatafuna muwa: "Na mimi nikikuta chungu chako kinakauka, nikikanyage, niseme nimekuta udongo?"

Niliona aibu, mwanangu, lakini masikio nayo yaliniwasha. Kumbe mti una sauti? Nimekata kuni tangu nina meno ya utoto, sijawahi kujiuliza. Nikawakimbilia, nikakiri. Tusekile akalia, akafuta kamasi, akanipa panga. Siku tatu tuligonga kila tawi kavu. Mwalimu wao, yule wa kuongelea puani, anatega sikio: "Huu umekufa. Huu una mafua. Huu, mmh, huu unaimba."

Ijumaa wakapiga marimba mapya tuliyochonga. Kijiti nilichochagua mimi kilikohoa mwanzo mpaka mwisho. Mkuu wa shule akajikaza, akashindwa, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Akasema waendelee na msitu wao.

Basi shika hili. Vyaelea, vimeundwa. Ukikuta kitu kimepangwa, hata kiwe vijiti vitupu, jua yupo aliyekipanga. Uliza kwanza, kuuliza si ujinga. Na ukikosea, usitafute wa kumsingizia, nenda mwenyewe kabla hujaitwa. Nenda salama, mwanangu. Kyala, Mungu wetu, akupe masikio mapana na ulimi mfupi, na kila mlango utakaougonga ufunguliwe na mtu anayecheka.